Mfalme wa Fungu la Mchanga

Panya mmoja mwenye majivuno alijitawaza mfalme wa fungu la mchanga katikati ya bahari, ingawa raia hakuwa na hata mmoja. Kasa alipokuja kutaga, Panya alimzuia.

"Rudi ulikotoka, mama. Mpaka wangu unaanzia maji yanapoishia."

"Nimechoka, baba. Nistiri."

"Wageni hawaruhusiwi!"

Maji ya bamvua yakajaa, yakalimeza fungu lote. Panya akatapatapa, akalia kuomba msaada. Kasa akamhurumia, akambeba mgongoni.

Manyoya yalipomkauka, moyo wa Panya ulitulia. Akalikwaruza gamba kwa kucha.

"Hapa sasa ni himaya yangu. Ukitaka kwenda popote, uniombe ruhusa kwanza."

"Haya, mfalme," Kasa akajibu, akavuta pumzi, akazama.