Mheshimiwa Hayupo

Kelele za waandamanaji zilipopanda hadi dirishani, mheshimiwa mbunge aliweka kikombe chini, akamtazama binti aliyeanza mafunzo ya kazi ofisini kwake asubuhi ile.

"Si wenzako wale? Kawaambie sipo."

Binti alishuka ngazi huku akikwangua rangi nyekundu iliyomgandia kwenye kucha. Jana tu alikuwa nao, wakiandika mabango.

Getini walimpokea kwa vigelegele. "Mtu wetu huyo!"

"Mheshimiwa hayupo," alisema, macho chini.

Mlinzi alikuwa ameimba wimbo huohuo tangu asubuhi, wakamzomea. Lakini rafiki wa binti, waliyeshibana tangu shule, alimshika ule mkono wenye rangi, akawageukia wengine.

"Kama kasema huyu, basi kweli hayupo. Twendeni."