Jembe Ukumbini

Okestra ya mji iliomba kila mkazi atume kwa simu sauti ya kazi yake, ziunganishwe kuwa muziki mmoja. Shemtoi, mchimba makaburi ambaye watu hukwepa kumpa mkono, alituma sauti ya jembe lake.

Siku ya onyesho hakutulia kitini. "Mola, wasiikatae," aliomba.

Fidla zikanyamaza, jembe likaanza: tu, tu, tu. Ukumbi mzima ukalifuata kwa kupiga miguu chini. Aliyeketi kando yake, Bi Mwanaheri, akamshika bega akicheka.

"Haa, baba! Fundi gani huyu anayetuchezesha hivi?"

Shemtoi akafumbua kinywa. Ukutani, majina ya waliotuma sauti, kila moja na kazi yake, yakaanza kupita. Mkono ulikuwa bado begani.