Njia ya Kwenda Sokoni

Wafanyakazi wa migodi ya chini ya bahari huruhusiwa kuonana na wenzi wao ndani ya mchezo wa kompyuta tu, kila Ijumaa. Toleo jipya likitoka, la zamani huzimwa.

Mwanakheri alivaa miwani ya mchezo, akamkuta mumewe, Hemedi, kwenye lango la mji. Katika matoleo yote yaliyopita walipanda punda kutoka hapo hadi sokoni, na safari ilichukua karibu saa nzima. Leo walibonyeza mara moja, wakawa sokoni.

"Punda wako wapi?"

"Wameondolewa. Si wewe uliyekuwa ukilalamika, Mama Tunu? Kila toleo, njia ndefu, punda wavivu."

"Nililalamika, ndiyo. Sikusema waiondoe njia."

Hemedi akacheka. Waliuza asali waliyopewa na mchezo, na juu ya vichwa vyao pakaandikwa: Mmemaliza.

"Kesho natia saini mkataba mwingine," akasema. "Miaka mitatu. Una neno?"

Mwanakheri alikuwa nalo. Alitaka kumwambia asitie saini, arudi nyumbani. Juu ya punda, wote wawili wakitazama mbele, angeanza na habari za paa linalovuja, akafika hapo polepole. Sasa walisimama wakitazamana, na uso wa Hemedi ulikuwa ule wa mchezo, unaotabasamu wakati wote.

"Sina, Baba Tunu."

"Haya. Tuonane Ijumaa."

Alivua miwani. Jikoni, maji ya wali aliyoyabandika yalikuwa bado hayajachemka.