Mrija wa Mama

Sheria ilitaka makohozi ya mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia yavutwe nyumbani, na mtoto wake wa kumzaa. Mashine ilisoma nyuso za wote wawili, kisha ikasema ilichokiona, bila kumficha mtu.

Mama yake alipokohoa na kengele ya mashine kulia, Mwantumu alivaa glavu, akapitisha mrija kwenye tundu la shingoni. Makohozi mazito ya kijani yakapanda. Alijikaza, lakini pua ikakunjika yenyewe.

"Mwanao anaona kinyaa," mashine ikamwambia mama.

Mama mdogo, Kibibi, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ulipokuwa mchanga ukibanwa na mafua, dada yangu alikunyonya kamasi kwa mdomo wake. Akishatema, anakubusu."

Mwantumu akamgeukia mama yake. "Nisamehe, mama."

Kesho yake kengele haikulia tangu asubuhi. Mchana Mwantumu akaingia mwenyewe, akamkuta mama amekaza shuka kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, anazuia kikohozi.

"Mama yako," mashine ikasema, "anaona aibu."