Rangi ya Sauti ya Bibi

Mwanamvua alitumbukiza miyaa ya kusukia katika rangi ya zambarau iliyokuwa ikichemka sufuriani. Alikuwa akitayarisha mkeka wa arobaini ya mama yake, utakaopelekwa msikitini kuwa sadaka. Kwa nini zambarau, hakumwambia mtu. Utotoni aliwahi kusema kwamba kila sauti anaiona ina rangi yake, wakampeleka kupungwa pepo. Tangu hapo alifunga mdomo.

Binti yake, Saumu, aliyekuwa akichochea moto, akakunja uso.

"Umekosea, Mama. Sauti ya Bibi ilikuwa ya manjano."

Miyaa ikamponyoka Mwanamvua. Akamtazama mtoto kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa zambarau," akasema hatimaye, taratibu.

"Manjano! Hasa akicheka."

"Na yangu je?"

Saumu alizitazama sufuria zote za rangi zilizopangwa mekoni. "Yako sijaiona vizuri, Mama. Wewe huongei."

Mwanamvua akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea watoto, ambao hakuwa ameuimba tangu Saumu alipoachishwa ziwa. Mkono wa mtoto ukawa unapita juu ya sufuria, kutoka rangi hii kwenda ile, bila kutua.