Sindano ya Ijumaa

Sahani ya dengu ilipasukia kwenye ukuta wa uani.

Ilyas alibaki amesimama, mkono bado hewani, kana kwamba si yeye aliyeirusha. Kosa lilikuwa chumvi. Miezi minne nyuma, mtu huyuhuyu alikuwa akila chapati iliyoungua na kumsifu aliyeipika. Alivuta kofia yake ya kufuma mpaka kwenye nyusi, akaingia chumbani, akajitupa kitandani na kugeuzia uso ukutani.

"Umeridhika sasa?" Mamamkwe alimgeukia Riffat. "Mwanangu anayeyuka kama sukari kikaangoni. Halali, hali, anagombana mpaka na nzi. Yote kwa kukuwaza wewe na ini lako bovu!"

Riffat aliinama akaokota vigae.

Tangu sindano zilipoanza alikuwa hajibu lolote. Bilauri yake ilifungwa uzi mwekundu ili mtu asije akakosea. Sahani yake ilioshwa mbali na za wengine. Vichupa vya dawa vilikaa kwenye jokofu ndani ya mfuko mweusi, mbali na maziwa. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alichukua kimoja, akaingia nacho chumbani na kufunga mlango. Asubuhi aliwahi kuamka kabla ya wote, akazoa nywele zilizotapakaa kwenye mto, akazitupa motoni mamamkwe asizione.

"Namshukuru Mungu ni yeye," mamamkwe alikuwa akimwambia jirani juu ya ukuta, wala hakupunguza sauti. "Angekuwa Ilyas, nani hapa Hafizabad angenunua jalebi tamu alizozikaanga? Na Shagufta wangu je? Wakwe zake watarajiwa wameshauliza mara mbili kama ugonjwa uko kwenye damu yetu. Nikawaambia, damu yetu safi, huyu ametoka kwa watu."

Riffat alijitanda shali. Mlangoni alimshika mkono Shagufta, wifi yake.

"Mdogo wangu, kaa na kaka yako mpaka nirudi. Akitaka kutoka, mzuie."

"Nimzuie vipi, na hasira zile?"

"Lia. Ukilia hatatoka."

Hospitalini, Daktari Anjum alifungua faili bila kuinua macho.

"Homa?"

"Kila baada ya sindano. Mifupa kama inatwangwa."

"Chakula?"

"Hakipiti."

"Usingizi?"

Riffat alitikisa kichwa. Kisha sauti ikamshuka. "Jana kuna maneno yalitamkwa, Daktari. Kuhusu mfereji. Kwamba mwezi huu maji ni mengi, na mtu akiingia atapumzika."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Hiyo ni dawa inasema, si moyo. Nimeyasikia maneno hayo kwa wengine pia. Lakini siyachezei. Sindano ya leo ni nusu. Kesho asubuhi mje wote wawili, tuone kama tunaendelea au tunaacha."

"Zimebaki ishirini na moja. Tukiacha, ugonjwa utarudi?"

"Huenda. Lakini maiti hatumtibu ini." Alimtazama. "Mpaka kesho, mgonjwa haachwi peke yake hata dakika moja. Nyumbani wanajua?"

"Wakijua, nyumba itavunjika."

Aliporudi, alikuta riksho mlangoni. Sanduku lake la bati lilikuwa limeshafungwa nyuma kwa kamba. Bashir, baba mdogo wa Ilyas, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuwa amesimama kando akichezea funguo.

"Binti yangu, hatukufukuzi," alisema, akitazama chini. "Nenda kwenu upumzike kidogo."

"Mpaka lini, Baba mdogo?"

"Mpaka mwanangu anenepe," mamamkwe alidakia.

Riffat alipiga magoti palepale, kwenye unyevu wa dengu uliokuwa haujakauka. "Niacheni mpaka kesho tu, Mama. Nitalala jikoni. Nitalala na mbuzi. Lakini leo nisitoke."

"Kwenu hamna watu wa kukuangalia? Mama yako yupo, dada zako watano wapo. Hapa kuna nani wa kukuuguza, mimi?" Mamamkwe alikwenda kwenye mlango wa chumba. Sauti yake ikalainika. "Ilyas, mwanangu. Sema neno moja tu. Aende au asiende?"

Chumbani kimya.

Shagufta alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu. Riffat alimtazama, msichana akatikisa kichwa: hajatoka. Ule ukimya wa chumbani ulimwogofya Riffat kuliko matusi yote ya miezi minne. Akasimama, akakung'uta shali.

"Nipeni robo saa," alisema. "Nichome sindano kwanza."

"Choma. Halafu upande riksho."

Alitoa kichupa kwenye jokofu. Alipita katikati yao akiwa amekishika kifuani kama yai, akaingia, akasukuma komeo. Kisha, kwa nguvu ambazo mwenyewe hakujua amezitoa wapi, aliburuta kabati la nguo mpaka likaziba mlango.

"Riffat! Unafanya nini humo?"

"Leo siondoki, Mama!" alipaza sauti. "Nitukaneni mpendavyo. Vunjeni mlango. Siondoki!"

Ngumi zikaanza kupiga mbao. Riffat alivuta dawa taratibu, akaishia kwenye mstari wa nusu, akagonga bomba kwa ukucha kutoa hewa. Kisha akageuka.

Ilyas alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, amevua kofia, kichwa karibu kipara, na shati amelipandisha mpaka kifuani.

"Kushoto leo," alinong'ona. "Kulia ulinichoma Jumatano."