Tai Aliyepita Mara Sita

Nchi ya ndege ililindwa na tai sita, wote wazee. Watano walinyonyolewa manyoya, yakachomekwa kwa Tai Mkuu, aliyebaki kuruka peke yake. Mfalme Jogoo hakuambiwa, maana jogoo hajui kunyamaza.

Siku ya gwaride Tai alipita uwanjani, akazunguka nyuma ya kilima, akapita tena, mara sita, ili mwewe wa ng'ambo wahesabu na kuogopa. Akatua anahema.

"Kumbe nina tai sita wazima!" alisema Jogoo. "Nimeshawatumia mwewe matusi. Waje!"

Tai alitetemeka hadi unyoya wa kuazima ukadondoka.

"Mtukufu, wote sita ni mimi."

Kwa mara ya kwanza Jogoo alinyamaza. Mwewe walikuwa wakitokea nyuma ya kilima, na hakuna aliyepita mara mbili.